Nguo Zilizombana Mtoto na Hukumu ya Kuziuza Mtandaoni

Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), aliyetufungulia milango mingi ya halali ili tusihitaji mlango hata mmoja wa haramu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad:

Mtoto hakai na nguo muda mrefu. Kanzu iliyomfika kwenye vifundo Idi iliyopita, Idi hii inaishia magotini. Gauni la madrasa lililoshonwa mwezi wa Rajabu, kufika Mfungo Tatu vifungo havifungi. Nguo yenyewe bado nzima. Aliyebadilika ni mvaaji. Zamani nguo kama hizo zilimsubiri mdogo wake, au zilivuka ua zikaenda kwa jirani. Siku hizi, katika miji ya Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, na hata katika vijiji vya wachimbaji kama Nyarugusu na Rwamagasa, mama hupiga picha kwa simu, akaandika umri na bei, akaituma kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook. Kabla ya Adhuhuri mtu ameandika "nimechukua", fedha zimeingia kwenye simu, na kesho yake kifurushi kipo stendi.

Biashara hii ni ndogo, na udogo wake ndio unaowafanya watu wengi waione haina fiqhi. Lakini wanavyuoni wetu hawakupima mas'ala kwa ukubwa wa fedha. Wameandika juu ya zawadi ya mtoto wa jando na juu ya nguo aliyokatiwa mtoto mchanga, kwa sababu haki ya mtu ni haki hata ikiwa ni soksi. Na katika biashara hii wapo watu wawili wasioweza kujitetea: mtoto ambaye hajui kusema kuwa nguo ni yake, na mnunuzi ambaye hawezi kuigusa nguo anayoinunua. Kwa hiyo anayetaka fedha yake iwe safi na ajiulize maswali mawili kabla ya kupiga picha: nguo hii ni ya nani? Na huyu anayenunua, ameijua kama ninavyoijua mimi?

Nguo kuukuu ni mali

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni kwamba nguo iliyovaliwa ni mali katika sheria. Inamilikiwa, inarithiwa, anayeiharibu analipa, na kuiuza kunasihi maadamu ina manufaa. Watu wa kanda yetu hawahitaji dalili ndefu juu ya hilo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora ya leo, na kutoka hapo kuelekea Karagwe na Buganda kwa kukatiza nchi ya Wasumbwa, ilibeba merikani na kaniki, na nguo hizo ndizo zilizotumika kama fedha kununulia chakula njiani. Baadaye ardhi ya Usukuma ikawa ardhi ya pamba. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba iliingia kwa wingi, na leo mkulima wa pamba wa Shinyanga na mchimbaji wa Geita wote huwavisha watoto wao nguo zilizovaliwa kwanza Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walizungumzia kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, lakini Tanzania haikuipiga marufuku, na robota zinaendelea kufunguliwa.

Katika mitumba hiyo zimo nguo ambazo wenyewe wa kwanza walizitoa kama msaada. Wako wanaouliza: je, kilichotolewa sadaka kinauzika? Jibu linapatikana katika kisa cha Bi Barira (r.a.), aliyepewa nyama ya sadaka, kisha nyama ile ikafika nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa kwa Barira ile ilikuwa sadaka, na ilipotoka kwake ikawa zawadi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wamechukua humo kwamba aliyepokea sadaka ameimiliki, naye anaitumia kama mmiliki yeyote, kwa kutoa au kwa kuuza. Vivyo hivyo mama aliyepewa nguo za mtoto na jamaa yake, zikambana mtoto, haibi mali ya mtu akiziuza, ila ikiwa aliyempa aliazimisha tu na kutaka zirudi. Hapo ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Nguo za mtoto ni za nani?

Hapa ndipo penye kiini cha mas'ala. Tumezoea kusema "nguo za mtoto", lakini neno hilo halitoshi kuthibitisha milki. Ni lazima tuangalie zilikotoka.

Ikiwa baba amezinunua kwa kutekeleza wajibu wake wa kumlisha na kumvisha mtoto, basi kauli ya madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.) ni kwamba nafaka ya jamaa wa karibu ni kumtosheleza na kumnufaisha, si kummilikisha. Mtoto amepewa kuvaa, hakupewa shingo ya nguo. Zikimbana, zinabaki mali ya baba, naye akipenda atamvisha mdogo wake, akipenda ataziuza. Ila kama baba alisema au alikusudia kumpa mtoto hiba, basi ni za mtoto.

Wanavyuoni wa Kihanafi wameliendea jambo hili kwa njia nyingine. Kwao, baba akimkatia mtoto wake mdogo nguo, nguo hiyo inakuwa ya mtoto, wala baba hawezi kumpa mwingine, isipokuwa kama alibainisha tangu mwanzo kuwa anamwazima. Hitilafu hii ina faida kubwa kwetu. Inatufundisha kuwa baba mwenye busara huweka nia yake wazi mapema: akinunua nguo aseme nyumbani kwake kwamba hizi ni za watoto wote kwa zamu. Kwa maneno hayo machache amejitoa katika hitilafu ya maimamu wawili.

Ama nguo walizoleta watu wengine, kama jamaa na marafiki wanaokuja kwenye akika, jando au Idi, hukumu yake inafuata nia ya mtoaji. Akisema "hii ni ya mtoto", ni ya mtoto. Asiposema kitu, wanavyuoni wa Kishafi wametofautiana juu ya zawadi za jando, wapo waliosema ni za baba na wapo waliosema ni za mtoto. Hapo hutazamwa ada ya watu, kwa kuwa ada ni hakimu pale panapokosekana tamko. Na ada ya kwetu iko wazi kwa kiasi kikubwa: anayeleta khanga humletea mama, na anayeleta kijigauni au kikofia humletea mtoto.

Je, nguo ikiwa ya mtoto haiuzwi? Inauzwa, lakini anayeuza ni walii wake, kwa bei ya mfano wake, yaani bei ambayo nguo kama hiyo huuzwa, na kwa maslahi ya mtoto. Fedha inayopatikana ni ya mtoto: imnunulie nguo kubwa zaidi, viatu, au juzuu ya kusomea. Kuiacha nguo kabatini mpaka iliwe na mende si uangalizi wa mali, kwani thamani ya nguo hupungua kila mwezi. Kuiuza mapema ndiko kuichunga.

Mama, baba aliye migodini, na idhini

Wauzaji wengi katika makundi haya ni akina mama, na waume wa baadhi yao wako mbali, machimboni au katika biashara. Ikiwa nguo zilinunuliwa na baba, mama anahitaji idhini ya mwenye mali. Idhini inaweza kuwa ya ulimi, nayo ndiyo bora, na siku hizi ujumbe mmoja wa simu unatosha. Inaweza pia kuwa ya ada, kama mume anajua mkewe huuza vitu vilivyokwisha kazi na hajawahi kumkataza.

Wapo wanaotumia kisa cha Bi Hindi binti Utba (r.a.), aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe hampi matumizi ya kumtosha yeye na mwanawe, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Kisa hiki ni dalili kwa mke aliyenyimwa haki yake, nacho kimewekewa mpaka wa wema. Mama ambaye mume ametokomea machimboni na hatumi kitu, akauza viguo vya mtoto ili mtoto huyo huyo ale, yumo katika maana ya kisa hicho. Mama anayetumiwa matumizi ya kutosha, akauza kwa siri ili akusanye fedha ya sare ya harusi, hayumo.

Na ikiwa mama ameuza bila idhini? Kwa kauli mpya ya Imamu Shafi (r.a.) uuzaji wa asiye mmiliki wala wakili ni batili. Kwa Hanafi na Maliki umesimamishwa: mwenye mali akiridhia unapita, akikataa unavunjika. Wametumia kisa cha Urwa al-Bariqi (r.a.), aliyepewa dinari moja anunue mbuzi mmoja, akanunua wawili, akamuuza mmoja, akarudi na mbuzi na dinari, na Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka. Njia salama kwa wanandoa ni kuzungumza kabla. Walioachana wana haja zaidi ya mazungumzo hayo, kwani nguo alizopeleka baba kwa mtoto anayelelewa na mama zimekuwa chanzo cha ugomvi katika nyumba nyingi.

Nguo za yatima

Kanda ya dhahabu ina mayatima wengi ambao baba zao walizikwa na kifusi. Mwezi Agosti mwaka 2025 mgodi wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga, ulititia na kuwafukia wachimbaji 25. Kila maduara yanapoporomoka, nyumbani hubaki watoto wenye nguo walizonunuliwa na marehemu.

Nguo ambazo baba aliwanunulia kwa njia ya nafaka, kwa kauli ya Kishafi tuliyoitaja, zimo katika tirka yake. Warithi wakubwa wanaweza kusamehe sehemu zao, na huo ndio uungwana. Bali sehemu ya mrithi aliye mdogo haisamehewi na mtu kwa niaba yake. Na nguo zilizokuwa hiba kwa mtoto ni mali ya yatima moja kwa moja. Hapa inatukabili amri ya Qur'ani, katika Suratul An'aam aya ya 152 na Suratul Israa aya ya 34, ya kutoikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora zaidi, na onyo zito la Suratun Nisaa aya ya 10 kwa wanaoila kwa dhulma.

Walii wa mali ya mtoto katika madhehebu yetu ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeachiwa usia, kisha kadhi. Mama hakutajwa katika kauli mashuhuri, lakini Abu Said al-Istakhri, naye ni katika maimamu wa Kishafi, amemweka mama baada ya baba na babu. Mjane asiye na babu wa watoto karibu, wala wasii, na amweleze kadhi wa wilaya au sheikh wake ili kazi yake iwe na msingi. Kisha aandike kwenye daftari: nguo ipi, imeuzwa kwa kiasi gani, fedha imenunua nini. Daftari hilo ndilo litakalomsemea siku mtoto atakapobaleghe, na mbele yake Siku ya Hesabu.

Kuuza kitu ambacho mnunuzi hakukigusa

Sasa tuje kwa mtu wa pili asiyeweza kujitetea, yaani mnunuzi.

Kufunga mkataba kwa maandishi ya simu hakuna tatizo katika asili yake. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwezi Machi 1990, lilipitisha kuwa mkataba kati ya watu walioko mbalimbali unafungika kwa maandishi na kwa vyombo vya mawasiliano, kompyuta ikiwemo, pale ombi linapofika na kukubaliwa. Lilibagua nikaha, ubadilishanaji wa fedha na salamu kwa masharti yake maalumu. Nchini kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inautambua mkataba wa kielektroniki.

Tatizo liko katika kuona. Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.) ni kwamba kitu mahususi kisichoonekana na wafungaji mkataba hakiuziki, kwa sababu ya gharari, yaani kutojulikana. Wanavyuoni wake wameeleza hata kuwa kuona nyuma ya kioo hakutoshi kwa kitu ambacho mtu hukijua kwa kukigeuza na kukishika. Picha ya simu ni dhaifu kuliko kioo: haionyeshi wepesi wa kitambaa, wala kulegea kwa lastiki, wala harufu ya sanduku. Mahanafi wao wamesihisha uuzaji wa kitu kisichoonekana na wakampa mnunuzi hiari ya kuona: akikiona akubali au akatae. Wamaliki na Mahanbali wamesihisha kwa sifa iliyokamilika, na kikija kinyume cha sifa mnunuzi ana hiari. Kauli ya zamani ya Imamu Shafi nayo inasihisha pamoja na hiari.

Wengine wamedhani jambo hili linaokolewa kwa mlango wa salamu. Haliokoki humo. Salamu ni kuuza kitu kilichosifiwa kilicho katika dhima, si gauni hili lililopigwa picha. Tena nguo iliyovaliwa haidhibitiki kwa sifa, ndiyo maana Mashafi hawakuiruhusu salamu yake.

Kwa mfuasi wa Shafi iko njia nyepesi. Maneno ya mtandaoni yachukuliwe kuwa ni ahadi na mapatano ya bei, na fedha iliyotumwa iwe amana. Kifurushi kikifika, mnunuzi akafungua, akaona na kuridhia, hapo mkataba unafungika kwa kupeana na kupokea. Uuzaji wa kupeana bila tamko Imamu Nawawi ameuchagua kuwa ni sahihi katika kila ambacho watu wanauhesabu kuwa ni uuzaji. Mnunuzi asiporidhia, arudishe nguo naye arudishiwe fedha yake. Matunda ya njia hii na matunda ya kauli ya jumhuri ni mamoja: mnunuzi wa mtandaoni lazima awe na nafasi ya kukataa baada ya kuona. Muuzaji anayekubali hilo amekusanya madhehebu yote upande wake. Anayelikataa amebaki na gharari.

Kwa hiyo yale maneno yaliyobandikwa katika maduka mengi, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu ya kuifuta aibu. Katika madhehebu yetu, muuzaji akijitoa katika dhamana ya aibu zote, sharti hilo halimsaidii isipokuwa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Nguo si mnyama. Tundu lake ni tundu.

Ulimi wa muuzaji mahali pa mkono wa mnunuzi

Katika gulio la Katoro mnunuzi huinua nguo kwenye mwanga, akavuta mshono, akapima kwa mgongo wa mtoto aliyembeba. Mtandaoni amenyang'anywa mkono huo. Basi ulimi wa muuzaji ndio unaoshika nafasi yake, na wajibu wake umekuwa mkubwa zaidi kuliko wa mwenye meza ya mitumba.

Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alifungamanisha baraka ya muuzaji na mnunuzi na ukweli na ubainifu wao, na akaeleza kuwa uwongo na ufichaji hufuta baraka hiyo. Na kisa cha mwenye lundo la nafaka, aliyeweka kavu juu na chini ikawa mbichi, kimo katika Sahihi Muslim. Tukitazama vizuri, makosa ya mtu yule yalikuwa ni kuonyesha upande mzuri tu. Hakusema uwongo hata neno moja. Picha iliyopigwa upande usio na doa, au iliyoongezwa mwanga mpaka rangi iliyopauka ikang'aa, ni lundo lile lile.

Kwa faida ya wauzaji, haya ndiyo ya kubainisha kwa uchache:

Moja, nguo ilinunuliwa mpya au ni mtumba, na imevaliwa kwa muda gani kwa kukadiria. Mbili, doa, tundu, zipu mbovu, kifungo kilichopotea, na picha ya aibu hiyo kwa karibu. Tatu, kipimo cha urefu na kifua kwa sentimita, kwani "ya miaka mitatu" ni neno lenye gharari: watoto wa miaka mitatu hawalingani, na namba za nguo za ng'ambo hazilingani. Nne, kama mtoto alikuwa na upele au ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, nguo isiuzwe mpaka ichemshwe na kupigwa pasi, na mnunuzi aambiwe. Nguo za ndani tuziache kabisa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku katika mitumba kwa ajili ya afya, na kujikinga na madhara ni katika makusudio ya sheria.

Kuhusu twahara, nguo iliyopatwa na mkojo wa mtoto inauzika, kwa kuwa inatwaharika kwa maji. Ila muuzaji aifue, au aseme kuwa haijafuliwa. Hadithi ya Ummu Qays (r.a.) imetupa wepesi wa kunyunyizia maji kwa mtoto wa kiume ambaye bado hajala chakula. Wa kike, nguo yake huoshwa. Na nguo ambayo hali yake haijulikani, asili yake ni twahara, wala mnunuzi halazimiki kujitia wasiwasi.

Jambo jingine ni picha ya mtoto mwenyewe. Wako wanaomvalisha mtoto nguo ili ionekane inavyokaa, au kumpiga picha akiwa nusu uchi anapobadilisha. Picha ikishatoka hairudi, na haijulikani itakwenda kwa nani. Tandika nguo kitandani, inatosha. Heshima ya mtoto ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchi yetu nayo imeweka ulinzi juu ya taarifa za watu, watoto wakiwemo.

Malipo, njia na kupotea kwa mzigo

Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, fedha inafika kabla ya mzigo. Wapatane mapema mambo matatu ambayo ugomvi wake ni mwingi: nani analipa ya kutolea, nani analipa nauli ya kifurushi, na nani anabeba hasara kikipotea.

Kanuni ya Kishafi ni kwamba kitu kilichouzwa, kabla ya kupokelewa, dhamana yake iko kwa muuzaji. Muuzaji wa Kahama akimkabidhi kondakta aliyemchagua mwenyewe, na kifurushi kikapotea kabla ya Geita, hasara ni yake, naye arudishe fedha. Lakini mnunuzi, baada ya kuridhia nguo kwa kuiona au kwa mtu wake, akisema "mpe kondakta fulani anipokelee", kondakta ni wakili wa mnunuzi, na kupokea kwake ni kupokea kwa mnunuzi. Mizigo ya Shinyanga kwenda Geita hupitia Kahama na Kakola, au huzunguka Mwanza, ambako tangu Juni 2025 magari yanapita Daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Njia imefupika, lakini risiti na namba ya gari bado ni lazima, kwani Suratul Baqara aya ya 282 imetufundisha kuandika na kushuhudisha.

Ndani ya makundi yenyewe pana adabu tatu zinazovunjwa sana. Mtu akishaandika "nimechukua" na muuzaji akakubali, si halali mwingine kumfuata muuzaji pembeni na kumwongezea elfu mbili. Huko ni kununua juu ya ununuzi wa nduguye, na Mtume (s.a.w.) amekukataza. Kabla ya kukubaliana, kushindana bei kwa mnada kunajuzu. Pili, kumpanga shoga ajifanye anaitaka nguo ili bei ipande ni najshi, nayo ni haramu hata ikiwa bei haikupanda. Tatu, mawinga wanaochukua picha ya nguo ya mtu, wakaongeza bei na kuiuza kabla ya kuimiliki, wanaingia katika katazo la kuuza usichokuwa nacho. Njia yao ya halali ni kuomba uwakala kwa mwenye nguo na kupatana ujira unaojulikana.

Wanaopenda kubadilishana wana wepesi. Nguo si katika mali za riba, hivyo mama anaweza kutoa magauni mawili madogo akapata moja kubwa. Mashafi wanaruhusu hata moja ikicheleweshwa. Mahanafi wanakataza kuchelewesha vya jinsi moja, basi mkono kwa mkono ndiyo salama.

Kuuza au kutoa?

Swali la mwisho huulizwa na wacha Mungu: si bora zaidi kuzitoa sadaka kuliko kuziuza kwa elfu tatu? Hapa jibu linarudi pale tulipoanzia. Ikiwa nguo ni yako, kutoa ni bora, na malipo ya kumvisha asiye na nguo yamesifiwa katika hadithi. Katika vijiji vya machimbo wamo watoto wanaokwenda chuoni na shati moja. Na ukitoa, toa ambayo wewe mwenyewe ungependa mwanao aivae. Suratul Baqara aya ya 267 imetukataza kukusudia kibovu tukakitoa.

Lakini ikiwa nguo ni mali ya mtoto, yatima au asiye yatima, walii hana ruhusa ya kuitoa sadaka, kwani hatoi mtu sadaka kwa mali ya mwingine. Wengi wanadhani kutoa daima ndiyo ucha Mungu na kuuza ni tamaa. Katika mali ya mtoto mambo yamegeuka: kuuza kwa bei ya haki na kumtumilia ndiyo ucha Mungu, na ukarimu ndio uvukaji mpaka. Anayetaka kutoa na ainunue kwa bei ya mfano wake, au amuuzie mwingine, kisha atoe sadaka katika mfuko wake mwenyewe.

Tunawanasihi maimamu wayaseme haya katika darasa za akina mama, na kwa akina baba baada ya Ijumaa, kwani wao ndio wenye mali katika sura nyingi tulizozitaja. Hayahitaji kitabu kikubwa. Yanahitaji kila nyumba ijue nguo ipi ni ya nani, na kila muuzaji aandike chini ya picha yale ambayo angetaka kuambiwa kama ndiye anayenunua.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake, awahifadhi watoto wetu na mali zao, na awarehemu waliofunikwa na vifusi wakitafuta riziki. Wallahu a'lam.